Je, “mousson” ya Kifaransa na “msimu” wetu zina asili moja?

Swali (kutoka Mikindani, Mtwara)

Habari za jioni, ndugu zangu. Binti yangu anasoma Kifaransa, na juzi alipokuwa akinisomea maneno ya baharini nilimsimamisha kwenye “mousson”, ambalo daftari lake linasema ni mvua kubwa za Asia. Mimi ni mvuvi, na sikioni mwangu lilikuja kama “msimu”. Je, tulilipata kwa Wafaransa waliokuja Kilwa kununua watumwa, au wao walilipata kwetu?

Jibu la kwanza (Lindi mjini)

Ndugu, sikio lako halikukosea, ila hakuna aliyelichukua kwa mwenzake. Yote mawili yanatoka kwenye “mawsim” ya Kiarabu, yaani wakati maalumu uliotiwa alama, ambao kwa mabaharia ulikuwa wakati wa upepo unaofaa kwa safari. Wareno, waliofika Kilwa mwaka 1500 na kuiteka mwaka 1505, walilichukua kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi wakalitamka “monção”, na sauti ile ya puani ndiyo iliyobaki katika “n” ya Wafaransa. Mfaransa Morice alipofunga mkataba na sultani wa Kilwa mwaka 1776, neno lilikuwa limekwisha kuzoeleka kwao zamani. Kinachonifurahisha zaidi ni upande wetu: tuliifanya ile “m” kuwa kiambishi cha ngeli, tukapata msimu na misimu kama mti na miti, ilhali wingi wa Kiarabu ni “mawasim”.

Jibu la pili (Kilwa Kivinje)

Naomba niongeze kuhusu daftari la mtoto, kwa sababu maana ya mvua imekuja baadaye, kutoka India. Kusi linalovuma kwetu Juni na Julai, likiwa kavu, huvuka ikweta, likapinda na kufika India kama upepo wa kusini-magharibi uliojaa mvua. Marehemu babu yangu, nahodha wa jahazi, alikuwa akilowesha shingo kwa maji ya chumvi alfajiri, kisha akasimama kimya akingoja ubaridi umguse upande gani. Kwake msimu ulikuwa upepo, na mvua ilikuwa habari ya wenye mashamba.

Muuliza swali

Ahsanteni sana. Nimemwonyesha binti majibu yenu, naye akaniletea kitabu chake cha jiografia: kumbe humo zimeandikwa “pepo za msimu”.