Poti 16,384 za mtandao zifunguliwe ili Linux isome mizani? Sikubali!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, mtanivumilia.

Kiwanda ninachofanyia kazi hapa Tanga kina seva ya Windows inayopokea vipimo vya mizani ya malori, na seva ya Linux inayotoa ankara. Tukauziwa programu ya kuziunganisha. Niliuliza mbele ya bosi: hizi mbili zinaongeaje? Nikajibiwa, "Hilo tulishalimaliza, kaka." Kumbe ndani ni DCOM, njia ya Microsoft ya programu kuita programu iliyoko kompyuta nyingine, iliyokuja na Windows NT 4.0 mwaka 1996! Linux inaita objekti (kipande cha programu) iliyoko Windows kana kwamba iko humo humo ndani yake.

Tumeweka apdeti za Windows zilizorundikana, mizani ikanyamaza. Kosa 0x80070005, ruhusa hakuna. Logi (kumbukumbu za matukio ya Windows) inasema wazi, tukio 10036: Microsoft walikaza ulinzi wa DCOM, na tangu Machi 2023 huwezi tena kuzima mkazo huo. Anayeita lazima kila pakiti yake ithibitishwe kwamba haijachezewa njiani. Kipande cha Linux cha hawa wauzaji hakijui kufanya hivyo. Nimewatumia picha ya logi mara tatu.

Jibu lao? Ondoa apdeti, mpe kila mtu ruhusa, fungua faiawoli, ukuta unaozuia mawasiliano ya mtandao yasiyotakiwa. DCOM hubisha hodi poti 135, kisha huelekezwa poti nyingine yoyote kuanzia 49152 hadi 65535, ndizo hizo 16,384. Nikasema basi tubane wigo wa poti, Windows inaruhusu. Wakadai hawajawahi kujaribu. Mmeuza kitu ambacho hamjakijaribu?

Huku nje malori yamepanga foleni tangu alfajiri. Karani anaandika uzito kwa kalamu, na juzi nusura apigwe na dereva kwa sababu 3 ilisomwa 8 kwenye ankara. Yule kijana hana kosa lolote!

CORBA, kiwango cha OMG (muungano wa kampuni za kompyuta), ilitoka 1991 kwa ajili ya mashine za aina tofauti kuitana, kwa hiyo shida hii si ngeni. Na leo sihitaji hata hiyo. Nataka huduma ndogo upande wa Windows itoe uzito kwa HTTPS, njia salama ya kawaida ya wavuti, poti 443 peke yake, Linux ije kuuchukua. Wairekebishe bila kutudai hata shilingi, maana tulilipia kitu kinachofanya kazi.

Aliyewahi kuwabana wauzaji wa namna hii kwa mkataba, aniambie alianzia kifungu gani. Faiawoli sifungui.