WiFi imepotea baada ya apdeti, naombeni ushauri

Wakuu poleni na majukumu. Laptop yangu ya Windows juzi usiku ilijiapdeti yenyewe, asubuhi nawasha WiFi haipo kabisa, pale chini karibu na saa kamebaki kaalama ka dunia tu. Kucheki kwenye orodha ya vifaa, kadi ya WiFi ina kialama cha njano cha mshangao, nikataka kurudisha draiva (programu ya kuendesha hiyo kadi) ya zamani kitufe kimefifia hakibonyezeki, nikaifuta nikarestati ikajirudisha ileile mbovu. Saa hizi natumia intaneti ya simu kwa waya wa USB na bando linakata balaa. Sasa nidownload draiva kwa modeli ya laptop au ya kadi yenyewe? Na nikishaiweka naizuiaje isijiapdeti tena? Fundi wa mtaani anasema tupige windo upya (tufute Windows tuiweke upya), mi sitaki, nina mafaili ya watu kibao humu.