Tutapimaje mafanikio ya programu ya kimataifa ya elimu ya sayansi?

Mratibu: Habari zenu wanajukwaa. Naratibu programu inayoendeshwa katika nchi kadhaa, ambamo wanafunzi hupima mvua na halijoto, kisha hutuma vipimo vyao kwenye hifadhi ya pamoja. Wafadhili wanataka ushahidi kwamba inawafaa wanafunzi. Tulichonacho ni idadi ya shule, idadi ya vipimo, na dodoso ambamo karibu kila mwalimu ameridhika. Je, hayo yanatosha, au tutegemee matokeo ya TIMSS na PISA, ile mitihani ya kimataifa inayolinganisha elimu ya nchi mbalimbali?

Mpimaji: Ndugu Mratibu, hayatoshi. Wingi wa vipimo unaonyesha kwamba kazi imefanyika, si kwamba mtu amejifunza. TIMSS, inayofanyika kila baada ya miaka 4 tangu 1995, na PISA, inayowapima vijana wa miaka 15, hutazama mfumo wa elimu wa nchi nzima kwa sampuli, hivyo shule zenu chache zitamezwa humo. Tungeni mtihani wenu, mwutoe kabla na baada, tena mwutoe pia katika shule zisizo kwenye programu. Maombi yakizidi nafasi, chagueni shule kwa bahati nasibu, na shule zilizokosa ziwe kundi la kulinganishia hadi awamu ijayo. Shule inayojitokeza yenyewe mara nyingi tayari ina mwalimu mwenye ari, na ari hiyo si tunda la programu.

Mwalimu wa Fizikia: Mkishapata alama, msitoe tu ya kwanza kwenye ya pili. Mwaka 1998 mwanafizikia Richard Hake, akilinganisha wanafunzi 6,542 wa fizikia, aligawanya ongezeko la alama kwa nafasi iliyokuwa imebaki kufikia 100. Darasa lililopanda kutoka 40 hadi 55 na lililopanda kutoka 80 hadi 85 yote yanapata 0.25.

Mfasiri: Kabla ya hesabu hizo, chunguzeni tafsiri. Katika mazungumzo ya kawaida sisi husema “uzito” tukimaanisha hata tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu. Ukimwuliza mwanafunzi kama uzito wa jiwe hubadilika likipelekwa mwezini, ilhali swali la asili lilihusu tungamo, anayejibu “hupungua” atakoseshwa ingawa amesema kweli. Mpeni mfasiri wa pili alirudishe swali kwenye lugha ya awali bila kuona la asili, kisha ketini na wanafunzi wachache wawaeleze walivyolielewa. (Hatua hii ya mwisho ndiyo hurukwa kila mara.)

Mratibu: Nashukuru. Nimefungua mtihani wetu wa majaribio sasa hivi: swali la nne lina neno “joto” mara tatu, na mara mbili kati ya hizo lilipaswa kuwa “halijoto”, kwani tulimaanisha kiwango kinachosomwa kwenye kipimajoto, si nishati.