Eli nzito ya kimea: chupa mbili za kundi moja, moja maksi 38, nyengine 25. Ipi ya kweli?

Kaunta_Paje

Habari zenu wakubwa. Tuna katoni mbili za eli (aina ya bia) kali ya mtindo wa Scotland, ule unaoitwa wee heavy. Alkoholi 8.5%, chupa ya 330 ml, rangi ya kahawia yenye wekundu. Kabla haijaingia kwenye menyu inapigiwa maksi kwa kadi ya BJCP (mpango wa kuwathibitisha waamuzi wa bia) ya 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, mvuto wa jumla 10.

Chupa A ilikuwa kwenye friji ya mvinyo, nyuzi 12. Imepata 10+2+15+4+7 = 38. Walioonja wameandika "sukari guru, zabibu kavu, ukoko wa mkate".

Chupa B ilikaa rafu ya juu nyuma ya kaunta wiki tatu, kisha saa mbili kwenye deli la barafu. Imepata 6+2+10+3+4 = 25. Wameandika "nyepesi, chungu, boksi lililorowa".

Namba ya kundi la utengenezaji ni moja. Kadi ipi ishikwe? Pili, wawili kati ya watatu wamesikia karafuu kwenye chupa zote mbili. Hiyo ni sifa au kasoro? Tatu, mwenzetu mmoja hatumii kilevi, na pua yake ndiyo kali kuliko zetu sote. Maksi zake zihesabiweje?

Gilasi_Safi

Hamkupima bia moja mara mbili. Mmepima bia nzima iliyo kwenye joto lake, na bia iliyoumia iliyofunikwa na baridi. Hayo ni makosa mawili tofauti, na yanatenganishika.

Anza na baridi. Bia ikitoka kwenye barafu huwa nyuzi 2 au 3. Hapo harufu haipandi kwenye gilasi, utamu unalala, na ulimi unabaki na gesi na uchungu tu. Eli ya kimea karibu thamani yake yote imo kwenye harufu na utamu, kwa hiyo kuipoza namna hiyo ni kuifunga mdomo. Ipime ikiwa nyuzi 10 hadi 13. Chupa ya 330 ml ikitoka friji ya nyuzi 4 na kuwekwa mezani kwa joto la huku, dakika 15 hadi 20 zinatosha. Msibahatishe, tieni kipimajoto cha jikoni kwenye gilasi ya pembeni.

Sasa "nyepesi" na "chungu" zina tiba: iacheni gilasi ya B ipate joto. Utamu ukirudi, ilikuwa baridi. Lakini "boksi lililorowa" halina tiba. Hiyo ni hewa iliyobaki chini ya kizibo ikishirikiana na joto. Kwa makadirio ya watengenezaji, kila nyuzi 10 zikiongezeka, uchakavu huu huenda kasi mara mbili au tatu. Wiki tatu kwenye nyuzi 30 na kitu si sawa na wiki tatu kwenye friji. Na rafu ya juu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu joto la mashine ya kahawa na taa hupanda huko huko. Gilasi ikipata joto, boksi litazidi kunuka, halitapungua. Hicho ndicho kipimo chenu.

Angalizo moja, maana hapa watu hubishana sana: si kila uzee ni kasoro. Eli nzito iliyowekwa mahali pa baridi kwa miaka huleta harufu ya tende, zabibu na mvinyo wa sheri, na hiyo hupewa maksi. Karatasi, boksi na asali iliyochina hazipewi. Ya kwanza inakuongezea kitu juu ya kimea, ya pili inakula kimea na kukuachia gamba.

Kadi ya A ishikwe kwa bia. Kadi ya B iandikwe jina lake: ripoti ya stoo.

Makonyo

Mie nitajibu la karafuu, Pemba hatuna jengine la kujidai.

Harufu ya karafuu halisi hutoka kwenye yujinoli, ile ile inayokamuliwa kwenye makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kiwandani Wawi. Ndani ya bia ni ndugu yake, vinili-gwayakoli, na hiyo hutengenezwa na hamira kutokana na shayiri yenyewe. Hamna aliyetia kiungo. Kwenye bia ya ngano ya Ujerumani inatakiwa, na ikikosekana unakata maksi; kwenye eli nyingi za Ubelgiji inakubalika. Kwenye eli ya Scotland ni kasoro: hamira ya huko inatakiwa kukaa kimya ili kimea kisikike.

Swali la maana ni imetoka wapi. Kama ipo sawasawa kwenye chupa zote, huenda ni hamira aliyoichagua mtengenezaji au joto la uchachushaji. Kama inazidi kadiri chupa inavyokaa, na gesi inaongezeka na bia inakuwa maji maji, basi kuna hamira pori iliyoingia na bado inakula sukari. Hiyo ni hatari, chupa inaweza kupasuka rafuni. B mmeipa 3 mdomoni na A 4, kwa hiyo msipuuze. Chukueni haidromita, kile kipimo kinachoelea kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia. Toeni gesi kwanza, mimina kutoka kikombe kwenda kikombe mara ishirini hivi, iacheni bia ifike nyuzi 20, ndipo msome. Mtindo huu kwa kawaida huishia kati ya 1.018 na 1.040. Mkisoma 1.010, au B ikiwa chini sana ya A, zote zilizobaki ziingie frijini leo na muuzaji ajulishwe.

Jengine: pua ya Mpemba wakati wa mavuno si shahidi wa karafuu. Ukikaa karibu na majamvi ya kuanikia siku nzima, pua inazoea na kunyamaza. Mwenye pua hiyo apewe kazi ya kusikia kasoro nyengine, kama siagi na tufaha bichi, la karafuu aachiwe mwengine.

Shangani_Chini

Kuhusu asiyekunywa: harufu na sura ni maksi 15 kati ya 50, na hazihitaji tone mdomoni. Ajaze hizo tu, sehemu nyengine azipige mstari. Msimkadirie ladha kwa kuzidisha, mtapata namba ya uongo. Jumla ya harufu igawanywe kwa watatu, ya ladha kwa wawili.

Na apewe gilasi mwanzo, kabla ya wote. Harufu za mwanzo hupotea haraka. Mimineni 60 hadi 90 ml kwenye gilasi ya mvinyo yenye tumbo, isizidi theluthi. Anuse mara tatu fupi, apumzike, azungushe, afunike kwa kiganja, anuse tena. Akikwama, anuse mkono wake mwenyewe. Majina ayatoe jikoni kwetu: halua, kashata iliyoungua, ukoko wa wali, tende, mkate wa ajemi. "Ina harufu nzuri ya kimea" haimsaidii mtu. Ukakasi wa bibo, hilo kila mtu hapa analijua, lakini ni la ulimi, aachiwe mnywaji.

Msichome udi chumbani. Wee heavy ikipimwa penye moshi wa udi, watu huandika "kimea cha moshi" na kumlaumu mtengenezaji bure. Asmini na marashi vivyo hivyo. Na kabla ya kuonja, hakuna urojo wala pilipili. Maji ya chupa na kipande cha boflo kikavu vinatosha.

Povu likiwa dogo msikate kwa hasira, eli ya alkoholi nyingi na gesi kidogo ndivyo ilivyo. Ila viputo vya gesi vikinata pembeni mwa gilasi ndani ya bia, gilasi ina mafuta. Ioshwe upya, isuuzwe vizuri, ikauke yenyewe bila kitambaa.

Kaunta_Paje

Ahsanteni. Majibu ya leo: gilasi ya B, chupa nyengine ya rafu ile ile, imeachwa mpaka nyuzi 12. Utamu umerudi, boksi limezidi. Haidromita imesoma 1.024 kwa A na 1.024 kwa B. Karafuu ni ile ile kotekote.

Makonyo

Basi si hamira pori, ni ya mtengenezaji. Kateni kwenye harufu na ladha, mdomoni muiache. Na kabla hamjafunga kadi, fanyeni gilasi tatu: mbili za A, moja ya eli nyengine ya rangi hiyo isiyo na karafuu, aliyezipanga asiwepo chumbani. Anayeotea ana bahati ya moja kwa tatu, wote watatu wakiotea sawa ni moja kwa ishirini na saba.

Kaunta_Paje

Wote watatu wameipata, asiyekunywa kwa pua tu. Chupa mpya ya frijini, nyuzi 12: 9+2+13+4+6 = 34. Kwenye menyu itaandikwa "sukari guru, zabibu, karafuu kwa mbali", gilasi ya 150 ml badala ya chupa nzima, maana chupa ile ndogo ina kilevi kingi kuliko bia ya nusu lita ya 5%. Zilizokuwa rafuni zimeenda jikoni, mpishi anachemshia nyama.