Godfather ya pili imeipita ya kwanza, nani anabisha?

Mwana Matinee: Wakuu, jana usiku nimeirudia ile filamu ya mafia, The Godfather Part II, saa tatu na ushee bila kuinuka. Imeipita ya kwanza. Humu baba, Vito, akiwa kijana anajenga ukoo, mwanawe Michael anabomoa, na unawatazama kwa zamu mpaka kifua kinabana. Fredo, kaka yake Michael, naye alijitakia.

Kisiki: Bila Brando, yule Vito wa ile ya kwanza, hakuna Godfather. Na Oscar ya Pacino, aliyecheza Michael, ilikuwa ya huruma.

Binti Mkunazini: Alijitakia? Kaka, mtu kauawa kwa amri ya mdogo wake wa tumbo moja, yumo ndani ya boti anavua na kusali Salamu Maria, halafu unaandika "alijitakia"?

Mwana Matinee: Kisiki, Pacino aliteuliwa, akakosa. Aliyepata ni De Niro, yule Vito kijana, na maneno yake karibu yote ni ya Kisisilia. Filamu ilizoa Oscar 6, mwendelezo wa kwanza kutwaa ile ya filamu bora. Dada, Fredo alimuuza nduguye. Risasi zilimiminwa chumbani, Michael yuko na mkewe!

Binti Mkunazini: Mwenyewe alisema hakujua kama wangeua. Kaka mkubwa karukwa, mdogo kapewa kiti, yeye anatumwatumwa. Hilo hulioni? Michael alisubiri mama yao afe kwanza. Alipanga.

Kisiki: Unamtetea msaliti. Ndugu akishakuuza si ndugu tena.

Mtu wa Bara: Mimi kaka yangu aliuza shamba la marehemu baba kimyakimya. Miaka minne sikuitika salamu yake. Mama alipofariki tulikutana msibani, akanikumbatia, nikalia. Sasa Michael anamkumbatia Fredo kwenye msiba wa mama, macho yapo kwa Neri, mtu wake wa kuua. Pale nilizima. Mpaka leo sijaimalizia.

Binti Mkunazini: Pole sana, ndugu yangu.

Kisiki: Pole. Shamba alirudisha?

Mtu wa Bara: Hakurudisha.

Kisiki: Basi umesamehe nini?

Mtu wa Bara: Wewe una kaka?

Kisiki: Nilikuwa naye.

Mwana Matinee: Kisiki, lile neno la Fredo nalifuta. Nimekosea.