Tupeane uzoefu: mliowahi kukaa jangwani na trela miezi ya baridi, halafu ile safari ya kurudi kaskazini

Mzee wa Edmonton
Wakuu habari za huko mliko. Jana jirani kaitoa trela yake uani, ile nyumba ya kuvutwa na gari, anajaza tairi upepo, nikajua tayari, hao wanaenda zao Arizona, na magoti yangu yakaanza kuuma palepale maana baridi ya huku Canada inayokuja naijua. Mimi na mama watoto tangu tustaafu tumeshaenda misimu kadhaa, kambi yetu ni Quartzsite, pale I-10 inapokutana na barabara ya 95. Kwa wasiopajua, ni kamji kadogo, kiangazi joto linapita nyuzi 40 na hakuna mtu, lakini ikifika Januari pori zima ni matrela mpaka macho yanachoka. Ardhi ni ya serikali. Pale La Posa, eneo la kambi la hapo, tulilipa dola 180 msimu mzima, kuanzia 15 Septemba mpaka 15 Aprili, unapata maji, pa kumwaga choo na pa kutupa taka, umeme hakuna, utajijua na sola zako. Mchana fulana, usiku unatafuta blanketi la pili.

Sasa leo sitaki sifa za jua, hizo kila mtu anazo na picha anazo. Nataka stori za njiani, hasa kurudi. Kwenda watu wanaenda wanacheka. Mwageni.

Utingo Mstaafu
Kurudi ni balaa. Naweka kambi hapa, nitarudi na yangu.

Mwana wa Kitale
Mimi niko Texas, kazi yangu ni lori, nawapita nyinyi watu wa trela kila mwezi wa tatu na wa nne mkiwa kando ya barabara mnakuna kichwa. Tairi tu. Kila saa ni tairi. Mtu anaangalia anaona si kipara, meno yote yako, anasema iko sawa, kumbe imekaa kwa jua la Arizona imepikwa miaka na miaka. Angalia ubavuni kuna maandishi ya DOT, zile namba nne za mwisho, kama ni 2318 hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 mwaka wa 2018. Ikipita miaka sita mimi sivuti hiyo kitu hata uniite muoga. Halafu tairi nyingi za trela zimetengenezewa maili 65 kwa saa, wewe uko 80 juu pikapu yako mpya ina nguvu. Ikipasuka inabomoa mpaka sakafu na bomba za choo, na mjue hayo yakimwagika kwa barabara ni nini.

Nyikani
Namba nne za tairi nimezijua leo. Natoka nje na tochi sahivi.

Nyikani
Ni 0914. Jamani.

Utingo Mstaafu
@Nyikani hiyo ni ya kufungia bembea.

Dada wa Yuma
Mimi sina trela, ila nahudumia wazee huku Yuma na kila Januari mji unafurika, hizo plate za magari Alberta, Saskatchewan, Minnesota, zote ziko hapa. Wengine wamefuata meno. Wanaacha gari upande wa California wanavuka kwa miguu kuingia Los Algodones, Meksiko, kimji kile kila mlango daktari wa meno, bei haifanani kabisa na ya huku, wanarudi wamevimba shavu wanacheka upande mmoja.

Lakini langu ni hili: hita za gesi. Usiku wa jangwani unashuka mpaka nyuzi tano au chini yake, mtu anafunga kila dirisha, anawasha kale kahita ka mtungi anapanda kitandani. Ule moshi wa kaboni monoksaidi hauna harufu wala rangi. Unaanza na kichwa kuuma, wanadhani ni presha au jua la mchana. Fungua dirisha kidogo na nunua alamu yake. Basi.

Mzee wa Edmonton
Dada nakuheshimu lakini sisi tunalala na hita hiyo hiyo tangu tuanze na tupo. Ukifungua dirisha hita ya nini sasa.

Dada wa Yuma
Shikamoo mzee. Alamu unayo?

Mzee wa Edmonton
Marahaba. Tuendelee na mada.

Dada wa Yuma
Nimeuliza alamu unayo.

Wa Bidiya
Assalaam alaykum. Sie huku Oman msimu wetu ndo huohuo, Novemba mpaka Machi, Alkhamisi jioni kazi zikisha watu washaingia mchangani, Bidiya kule, Wahiba. Kuwait ndo zaidi, wenzetu wale wanapiga kambi msimu mzima na karavani na sofa na televisheni. Nyie wa Amerika naona mwapenda tabu, kuvuta nyumba siku tatu nne. Shauri langu: mkiingia mchangani tolesheni tairi upepo, mkirudi kwenye lami jazeni.

Mwana wa Kitale
Wewe usiue watu. Quartzsite si mchanga, ni kokoto ngumu. Atoe upepo kwa tairi ya trela yenye mzigo halafu asahau kujaza, hiyo inachemka inalipuka kabla ya Phoenix.

Wa Bidiya
Nimesema mkirudi kwenye lami jazeni. Soma ndugu yangu, haraka ya nini.

Utingo Mstaafu
Hawa wa Oman wanaenda kambi na mpishi, tusiwasikilize 😂

Wa Bidiya
Mpishi ni mimi. Hebu nijibuni, hapo Quartzsite kaburi la Haji Ali mshalizuru? Nimesoma alipelekwa Marekani 1856 kuchunga ngamia wa jeshi la huko.

Mzee wa Edmonton
Lipo, kwenye makaburi ya mji, piramidi ya mawe na ngamia juu. Alifariki 1902. Jina wameliandika Hi Jolly. Mama watoto husimama pale kumsomea dua kila tukifika, ingawa sisi ni Walutheri.

Bibi wa Sioux Falls
Mada imenikuta niko macho, ngoja niwaambie ya Wyoming.

Ilikuwa mwisho wa Machi. Majirani kambini wanasema subirini, Aprili si hiyo hapo, lakini ikaja simu kuna msiba Salt Lake City, upande wa baba watoto, tukafunga kila kitu usiku uleule. Tukazika, tukakaa matanga. Sasa kutoka Salt Lake kuja kwetu South Dakota njia ya haraka ni I-80, unaikata Wyoming yote. Kufika Rawlins ile mbao ya taa inasema barabara imefungwa kwa magari mepesi marefu kwenda juu, yaani sisi. Tukalala kituo cha malori, trela inatikiswa usiku kucha, vikombe vinagongana kabatini, sikupata hata lepe la usingizi. Asubuhi mbao imebadilika, wamefungua, jua kali, mbingu haina hata kiwingu. Na hiyo ndiyo Wyoming, upepo wa kule hauji na mawingu wala haubishi hodi.

Tumekwenda vizuri mpaka tunakaribia Elk Mountain. Kwanza nikasikia kama mtu anapasua shuka. Lile turubai la kivuli la ubavuni, la kukunjua ukiwa kambini, limekunjuka lenyewe, upepo umeingia chini yake umelirusha juu ya paa na vyuma vyake, na trela ikaanza kucheza, mkia kushoto mkia kulia, nikiangalia kioo cha pembeni mara naiona mara haipo, na malori yanatupita upande wa pili. Baba watoto namshukuru Mungu hakukanyaga breki. Kuna swichi ya breki ya trela peke yake iko chini ya usukani, akaibana kwa vidole, ikavuta, ikavuta, ikanyooka, tukaingia pembeni.

Kushuka, mlango wa gari unataka kung'oka na mkono wangu. Vile vyuma vinapiga paa, vimeshavunja kile kidirisha cha juu cha chooni, na turubai linapepea mpaka kwenye njia ya magari. Yule mzee wangu, na umri ule, kachukua kisu cha jikoni anapanda ngazi ya nyuma akakate! Nikamshika mkanda wa suruali. Navuta yeye anapanda. Nikaanza kupiga kelele, na Kiingereza saa ile hakikuwepo, nilikuwa nasema shuka, shuka baba, utakufa uniache jangwani na trela nisiyojua kuirudisha nyuma.

Ndipo lori likaingia nyuma yetu likajipanga kukinga ule upepo. Akashuka kijana mmoja kofia imesharuka, akaja mbio, akasema "Mama, mwambie mzee ashuke, hiyo chuma itamkata." Kwa Kiswahili. Nilisimama nimeduwaa. Akaleta ile mikanda ya kufungia mizigo, akarusha juu ya trela, akapita chini, akabana turubai na vyuma vyake vyote kama mtu anafunga gunia la mkaa. Akatufuata nyuma na taa za hatari mpaka Laramie tunakwenda maili 35. Pesa alikataa. Alikubali chai ya tangawizi ya kwenye chupa.

Nyikani
Nimesoma nimesimama.

Bila Ushahidi
Chai. Na mwenyewe umeitaja hapo mwisho. Katikati ya Wyoming anatokea mtu anaongea Kiswahili na mikanda mkononi? Kofia imeruka? Hii ni ya kuandikia kitabu.

Bibi wa Sioux Falls
Kama ni chai kunywa ingali ya moto mwanangu.

Mwana wa Kitale
@Bila Ushahidi wewe hujui I-80. Si jaba hiyo. Ingia kituo cha malori Laramie au Cheyenne usiku, utasikia Kikuyu, Kisomali, Kiswahili cha Goma, Kipunjabi. Sisi ndio tuko hapo. Na hapo Elk Mountain, Arlington, watu wote wa lori wanapajua. Barabara ya zamani, ile 30, ilizunguka kaskazini ikapita Medicine Bow sababu wenyeji walijua upepo na theluji ya hapo. Walipotaka kupitisha I-80 kwa mkato chini ya milima wakaambiwa na watu wa ranchi msifanye hivyo, wakajenga, wakafungua 1970, na tangu hapo kila baridi kufunga na kufungua.

Mama pole sana. Lakini next time tenki la maji safi mlijaze. Uzito ukikaa chini trela haichezi ovyo.

Mzee wa Edmonton
Hapana, hapana. Unaenda kaskazini mwezi wa tatu unajaza maji? Mimi napanda I-15, Las Vegas, Utah, Idaho, nakuja kuvuka milima pale Monida kuingia Montana, kule ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Usiku mmoja kule ukiwa na maji kwenye bomba asubuhi una chemchemi chini ya sinki. Sisi tunakausha kila kitu kabla ya Utah tunaweka ile dawa ya pinki ya kuzuia barafu, tunatembea na madumu ya kunywa.

Mwana wa Kitale
Afadhali bomba kuliko trela kulala ubavu.

Mzee wa Edmonton
Bomba nalipa mimi.

Utingo Mstaafu
Jazeni mpaka Nebraska mkamwage, mbona rahisi. Na uzito wa mbele kwenye ndoano muuangalie, asilimia 10 mpaka 15 ya trela nzima, watu wanapanga vitu vyote nyuma, mawe waliyookota, baiskeli, jenereta, halafu wanasingizia upepo. Vituo vikubwa vya malori vina mizani, ni pesa kidogo tu. Sisi tumekulia kwenye mizani ya Kibaha tukiogopa kupima, sasa unapima kwa hiari yako na husumbuliwi na mtu.

Kadogo wa Tucson
Miye niko Tucson, siendake fasi, banakuya bo benyewe na manyumba yabo nyuma ya gari. Mu mwezi wa ine bote banaenda, barabara inabakia yetu. Mambo ya upepo ni kweli kabisa mama.

Nyikani
Swali. Mimi ni mkazi wa kudumu Canada ila pasi bado ya Tanzania. Naweza tu kufunga trela nikavuka?

Mzee wa Edmonton
Huwezi, unahitaji viza ya Marekani kwanza. Ukishakuwa raia wa Canada ndio unaingia bila viza, na kawaida yao ni miezi sita. Hesabu siku zako vizuri, na bima ya afya ya mkoa nayo ina siku zake.

Bila Ushahidi
Bibi, na turubai je? Au nalo lilipona kwenye stori?

Bibi wa Sioux Falls
Lilichanika lote. Fundi kanitajia bei nikaaga. Sasa tunafunga shiti la plastiki la bluu na kamba, kivuli ni kivuli.

Dada wa Yuma
@Mzee wa Edmonton bado nasubiri jibu la alamu.

Mzee wa Edmonton
Ipo. Iko droo. Betri ndio sina.

Dada wa Yuma
Mungu wangu.

Utingo Mstaafu
Tarehe sasa, tukubaliane. Mimi nasema kaa mpaka 15 Aprili wakufukuze wenyewe.

Mwana wa Kitale
Aprili Wyoming na Colorado bado theluji inashuka. Hakuna tarehe, kuna kuangalia hali ya hewa kila asubuhi na kukubali kulala siku mbili palepale ulipo.

Mzee wa Edmonton
Aprili nyoka wameshaamka Quartzsite. Mama watoto hakai.

Mgeni Calgary
Samahani naingilia. Trela ya futi 22 inauzwa, iko Calgary, turubai la kivuli lipo zima. Njoo inbox.

Nyikani
Tairi za mwaka gani?