Upepo wa baiskeli: Phoenix ya keria, ya gia ya mtumba na ya mtoto, nijaze kiasi gani? Na pampu ya geji ninunue au niache?

BabaKoku
Wakuu mwangaluka. Naombeni ushauri wa haraka kabla ya Jumamosi. Kuna jamaa karibu na stendi ya Nyegezi anauza pampu ya kusimama yenye geji, anasema elfu arobaini na tano mwisho. Fundi wangu wa Mkolani ananiambia hiyo ni hela ya kutupa, upepo unapimwa kwa kidole, ukibonyeza tairi ikakataa basi imejaa. Nyumbani nina baiskeli tatu, Phoenix ya keria, ya gia ya mtumba niliyochukua mwezi uliopita, na ya binti yangu yuko darasa la tatu. Ile ya gia aliyeniuzia alisema niweke 80, yaani psi, zile namba za kipimo cha upepo, fundi kaweka anavyojua yeye, na tangu hapo nimekula pancha tatu ndani ya wiki mbili. Sasa kila moja inaingia upepo kiasi gani?

ResiMwanza
Mkuu umeleta swali halina hata namba moja ya maana. Tairi saizi gani? Pembeni ya tairi pameandikwa, mfano 700x25 au 26x1.95, ile namba ya pili ndio unene na unene ndio kila kitu. "Ya gia" sio saizi. Na wewe mwenyewe una kilo ngapi?

DadaPasiansi
Na hizo pancha zilikuwaje kaka? Mbele au nyuma? Tundu moja au mawili? Fundi alikuonyesha mwiba au alibandika tu kiraka akakwambia leta buku?

FundiSpoku
Mimi nipo kwenye hii kazi Mabatini miaka 19 sijawahi kushika geji. Kidole gumba. Tairi ya mbele ikubali kidogo, ya nyuma isikubali. Kwisha habari.

Ngosha_Misungwi
Jaza mpaka ukiigonga na kidole inalia kama ngoma. Mimi nabeba mkaa gunia mbili kutoka kijijini, upepo mdogo unaua tairi, unakata njiti, na unakukata wewe kiuno ukipanda mlima. Hayo mambo ya namba ni ya watu wanaoendesha wakiwa na chupa ya maji.

ResiMwanza
Ngosha wewe unabeba gunia mbili, sio kila mtu anabeba gunia mbili. Mimi natumia 700x25 naweka 100 na naruka kutoka Buhongwa hadi mjini daladala zinanitazama. Tairi ngumu ni mwendo, hilo halina mjadala.

DadaPasiansi
Lina mjadala sana. Kwenye lami iliyonyooka sawa. Mimi nakaa Pasiansi ukiacha lami unaingia kwenye mawe, tairi ya 100 inakurusha kila jiwe, na ukirushwa juu ule mwendo unapotea hewani maana wewe ulikuwa unakanyaga ili uende mbele sio ili udunde. Hata hao wa Tour de France siku hizi wameacha zile tairi za unene wa 23, wanatumia 28 mpaka 30 na upepo wameshusha. Mimi ya kwangu ni mauntaini 26x2.1, mbele 30 nyuma 35, nina kilo 62, na nashuka Isamilo bila kuuma ulimi.

ResiMwanza
Hao wana magari nyuma yamebeba magurudumu ya akiba dada yangu. Mimi nyuma yangu kuna kipanya kinapiga honi.

BabaKoku
Samahani nilikuwa kazini. Nimeenda na tochi kuangalia. Ya gia ni 700x38C, pembeni imeandikwa 50-75 PSI. Phoenix ni 28x1½ imeandikwa MAX 65. Ya mtoto ni ya inchi 20, maandishi yamefutika. Pancha zote tatu ni za nyuma kwenye ile ya gia. Dada umeniuliza kitu cha ajabu kidogo, tyubu nimeitunza, ina matundu mawili mawili yamekaa ubavu kwa ubavu, kama nyoka kaling'ata. Mwiba hatujauona. Kuhusu kilo zangu tuache kwanza.

DadaPasiansi
Basi jibu lako hilo hapo kaka. Mwiba au mbigili unatoboa tundu moja. Matundu mawili sambamba ni ringi yenyewe, umepita kwenye jiwe au ukingo wa lami, tairi ikalala yote, ringi ikaibana tyubu juu ya lile jiwe ikaikata pande zote mbili. Fundi wako kakujazia upepo mdogo. Kidole gumba kimekudanganya mara tatu.

FundiSpoku
Kidole cha huyo wa Mkolani, sio changu.

ResiMwanza
😂😂 Fundi bana. Lakini kweli, tairi ya 38 ukuta wake mgumu kiasi, ukibonyeza ikiwa na 35 na ikiwa na 55 kidole hakioni tofauti kubwa. Na mauntaini ukibonyeza utaona imelegea kumbe iko sawa kabisa. BabaKoku, 80 ya muuzaji ilikuwa inazidi kilichoandikwa, hiyo sahau. Hayo maandishi 75 ndio mwisho, sio kwamba ndio pa kuweka. Mtu wa kawaida hapo nyuma 55, mbele 50. Mtu mzito nyuma panda mpaka 60 au 65. Nyuma inazidi mbele kwa sababu uzito mwingi wa mwili umekaa nyuma. Ndio maana nakuuliza kilo.

BabaKoku
Nashukuru mkuu. Na Phoenix? Inabeba mizigo kidogo tu.

Ngosha_Misungwi
Kidogo gani? Sema.

BabaKoku
Madumu ya maji.

Ngosha_Misungwi
Mangapi bhabha.

BabaKoku
Manne, yale ya lita 20. Matano siku maji yakikatika.

DadaPasiansi
Kaka hizo ni kilo 80 mpaka 100 juu ya keria, zote nyuma!!! Unasema "kidogo tu".

Ngosha_Misungwi
Nilijua tu. Nyuma peleka mpaka karibu na hiyo 65, usivuke. Mbele 45 inatosha maana mbele kule hakuna kitu, ukiwa na madumu matano mbele inataka hata kunyanyuka yenyewe mlimani. Ukishashusha maji na unaenda kanisani peke yako punguza, la sivyo keria itapiga kelele mtaa mzima ujue unapita.

Kaka_Igoma
Ngoja niwape kisa maana naona mnataja 60, 65, 100 kama bei za nyanya. Mwaka juzi natoka Mwaloni Kirumba na boksi la dagaa kwenye keria, saa nne asubuhi, jua limeshachacha, naona nyuma imelegea. Fundi hakuna karibu. Nikaona sheli moja njiani, sitaitaja, ina mashine ya upepo ya magari. Kijana wa pale akanambia weka tu mwenyewe kaka. Nikachomeka. Sasa ile mashine haijui baiskeli, yenyewe inajua imeletewa Fuso. Tyubu ya baiskeli ina nafasi ndogo, sekunde mbili tatu tayari imevuka. Nikaona tairi upande mmoja inatoka nje ya ringi taratibu, imevimba kama shavu la mtu anayetafuna muwa, na tyubu nyeusi inachungulia pale. Nikasema ngoja nichomoe. Kabla mkono haujafika, PAAAA. Wakuu ule mlio! Mama wa karanga akalala chini na sinia lake, bodaboda wawili wakawasha wakaondoka bila abiria, mimi masikio yanapiga filimbi mpaka jioni. Tyubu imechanika urefu wa shubiri. Dagaa chini, zimechanganyika na karanga. Yule kijana aliyesema weka mwenyewe ndiye akaja kuniambia nilipe karanga za mama, nikalipa elfu nane. Dagaa nikaziokota na mchanga wake, mteja wangu akakata bei nusu, na mpaka leo akiniona anauliza leo umeleta na karanga? Kwa hiyo mimi nasema nunua hiyo pampu kesho asubuhi.

DadaPasiansi
Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

FundiSpoku
Pole sana. Lakini ulichomekaje? Valvu ya Phoenix haikai kwenye mashine ya sheli.

Kaka_Igoma
Nilikuwa nimeshabadilisha, niliweka tyubu ya valvu ya gari. Tundu la ringi ni lile lile, inaingia bila kutoboa.

FundiSpoku
Ndio ubaya wa kubadilisha. Ungekuwa na ile ya kimpira usingeweza hata kufika kwenye hiyo ajali. Na pia ulisimama juani. Jua linapasua tairi, kila mtu anajua, wazee walikuwa wanatoa upepo mchana.

MwlWaFizikia
Fundi, kwa heshima yako, hilo la jua linakuzwa sana. Chukua tairi yenye 60 asubuhi kukiwa na nyuzi 25, ukiiacha juani upepo wa ndani ukapata nyuzi 45, itasoma kama 65. Imeongezeka 5 tu. Tairi nzima haipasuki kwa 5. Inayopasuka ni ile iliyokuwa imeshachoka ukutani, au haikukaa vizuri kwenye ringi, kama hiyo ya Kaka_Igoma ilivyokuwa inachungulia. Jua linasingiziwa. Kabla ya kujaza zungusha gurudumu, angalia ule mstari wa tairi unaozunguka karibu na ringi, uwe sawa pande zote, ukiona sehemu umezama na sehemu umepanda toa upepo uikalishe upya.

FundiSpoku
Mwalimu njoo Mabatini saa nane mchana uone zinavyolia.

MwlWaFizikia
Nitakuja na kipimajoto.

Ngosha_Misungwi
Mkiwa mnabishana hivyo BabaKoku bado hajui cha kufanya. Alafu mimi nina swali, hiyo pampu ya geji kwenye Phoenix inasoma kweli? Mi nilijaribu ya shemeji yangu ikanionyesha 70 lakini tairi ikawa bado inakubali.

MwlWaFizikia
Swali zuri. Ile valvu ya zamani ina kimpira chembamba kimevishwa kwenye msumari wake. Upepo wa pampu lazima ukisukume kimpira ndio uingie, na kikirudi kinafunga. Kwa hiyo geji inasoma nguvu ya kusukuma pamoja na kile kimpira, sio upepo uliomo ndani peke yake. Inasoma juu. Kwenye valvu ya gari, na zile nyembamba za baiskeli za resi, ndio geji inasema ukweli.

FundiSpoku
SASA. Soma tena wote. Geji inadanganya kwenye Phoenix. Mwalimu mwenyewe kasema. Nilisema mwanzo, kidole.

ResiMwanza
Fundi kashinda raundi moja kaanza kutembea na mkanda 😂

DadaPasiansi
Kashinda kwenye Phoenix tu. Kwenye ile ya gia kidole kimeshamletea BabaKoku pancha tatu. Au abadilishe tyubu ya Phoenix aweke valvu ya gari, pampu moja inamaliza baiskeli zote. Ila sheli asiende.

Kaka_Igoma
Sheli asiende kabisa.

BabaKoku
Kwa hiyo pampu ninunue? Na kwenye hiyo geji kuna namba za nje kubwa na za ndani ndogo, jamaa alinionyesha, za ndani zinaishia 11. Hizo ni nini?

ResiMwanza
Hizo ni bar. Bar moja ni psi 14 na nusu. Ukiona mtu anakwambia "weka nne" anamaanisha hizo, kama 58. Usije ukaweka psi nne ukapanda.

Ngosha_Misungwi
ResiMwanza nasikia nyie huwa mnaenda na baiskeli mpaka Kigongo, ule mteremko wa Usagara mnautokaje?

ResiMwanza
Jumapili alfajiri tupo, karibu. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 kila mtu anataka kwenda kulitazama, kilomita tatu juu ya maji. Kule upepo ni wa ziwa sio wa pampu, ukikupiga ubavuni utajua hujui.

Ngosha_Misungwi
Mimi wakati wa feri nilishakaa Kigongo masaa matatu na mananasi yangu yanaiva nayaona. Nitakuja. Na Phoenix.

ResiMwanza
Njoo na Phoenix lakini gunia acha.

Kaka_Igoma
Nani anajua tairi nzuri za 28 zinapatikana duka gani mjini? Nilizonunua mwisho zilipasuka ubavu kabla ya mvua.

FundiSpoku
Njoo inbox.

DadaPasiansi
Jamani na ya mtoto hakuna aliyejibu. Kaka, inchi 20 na mtoto wa darasa la tatu, anzia 30, usivuke 40 kama maandishi yamefutika. Ukijaza sana inadunda naye anaogopa. Na umfundishe abonyeze breki ya nyuma kwanza, hilo halihusiani na upepo lakini nimeona wengi wanavyotua.

BabaKoku
Asante dada, ubarikiwe. Wakuu nipo hapa Nyegezi, yule jamaa kanambia pampu ya geji imechukuliwa jana na mtu wa Malimbe. Imebaki moja ya kukanyaga kwa mguu, haina geji, elfu kumi na nane. Nimeishika mkononi hapa, anasubiri jibu. Vipi?

FundiSpoku
Chukua. Kidole unacho.

MwlWaFizikia
Subiri upate ya geji.

Kaka_Igoma
Chukua hiyo halafu tafuta geji ndogo ya mkononi wale wa vipuri vya pikipiki, mradi valvu iwe ya gari.

DadaPasiansi
Kilo zako bado hujataja.